Golden Gate kwa miguu: mwongozo kamili wa siku tatu kwenye majabali ya mchanga ya Free State

Golden Gate hakuna simba. Tembo pia hakuna. Naanza na hilo kwa sababu kila mgeni ninayempeleka, awe wa Dar au wa Mombasa, tukishaingia tu ananiuliza, na nikimjibu uso unamshuka. Ukija na mazoea ya Mikumi, kukaa garini na darubini ukingoja mnyama ajitokeze, utamaliza hifadhi nzima kwa saa mbili na utaniona mwongo. Hapa kinachotazamwa ni jiwe, na jiwe linafuatwa kwa miguu.

Wala sisemi daraja la San Francisco. Nasema Hifadhi ya Taifa ya Golden Gate Highlands, Afrika Kusini, jimbo la Free State, kwenye vilima vya chini ya milima ya Maluti, Lesotho ikiwa upande wa kusini. Ilitangazwa mwaka 1963 ikiwa na hekta zisizofika 5,000. Leo, baada ya kuunganishwa na iliyokuwa hifadhi ya QwaQwa, ina takriban hekta 34,000. Sehemu yake ya chini kabisa iko mita 1,892 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi, na kilele kirefu, Ribbokkop, kina mita 2,829. Jina alilitoa mkulima mmoja, J.N.R. van Reenen, mwaka 1875. Alikuwa akihamia shamba jipya na mkewe, jua la magharibi likapiga majabali yanayotazamana, yakawaka kama dhahabu. Simama pale jioni uone kama alitia chumvi.

Lijue jiwe kabla hujalikanyaga

Usiiruke sehemu hii. Ndiyo itakayokuambia wapi pa kuweka mguu.

Majabali haya yasome kutoka chini kwenda juu, kama ghorofa. Chini kuna tabaka jekundu la udongo mgumu, lililoachwa na mito ya zamani. Wataalamu wanaliita Elliot. Juu yake limekaa tabaka nene la rangi ya maziwa na asali. Huo ndio mwamba wa mchanga wenyewe, na unaitwa Clarens, jina la mji wa jirani. Mchanga wake ulipeperushwa na upepo jangwani enzi za dinosaria, matuta yakalaliana, yakashindiliwa, yakawa jiwe. Ukiukaribia ukuta utaona mistari iliyolala mshazari, safu juu ya safu: ni migongo ya matuta yale. Na juu kabisa kuna kofia nyeusi ya basalti, lava iliyofurika eneo lote miaka milioni 183 hivi iliyopita na kulizika jangwa. Wekundu na unjano unaopendeza kwenye picha ni chuma kilichomo ndani ya jiwe, kimeshika kutu.

Sasa faida yake kwako. Mwamba wa mchanga unanyonya maji, lakini udongo ulio chini yake hauyapitishi. Maji ya mvua yanashuka ndani ya jiwe, yanakwama, yanatafuta njia ya kutokea pembeni, na pale yanapotokea yanaulainisha mwamba mpaka unamomonyoka. Ndiyo maana mapango ya huku yako chini ya kuta, mapana na yenye dari kubwa, kama baraza la nyumba ya pwani. Pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa pango lolote: punje zitabaki kidoleni kama sukari guru iliyosagwa. Sasa fikiria jiwe hilo hilo likiwa limelowa, na wewe umesimama kwenye ukingo wake. Baada ya mvua subiri likauke, usiamini kijukwaa chembamba hata kama kuna mtu anapigia picha hapo, na usichore jina lako. Mchoro wa msumari unachukua dakika moja, na wajukuu zako watakuja kuusoma.

Chagua mwezi

Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tunapanga safari kwa kiangazi na masika, tukidhani siku zina urefu uleule mwaka mzima. Kule sivyo. Juni jua linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama saa kumi na moja na dakika kama ishirini jioni. Desemba linachomoza saa kumi na moja alfajiri na kukaa mpaka karibu saa moja usiku. Kumbuka pia saa yao iko nyuma ya yetu ya Afrika Mashariki kwa saa moja.

Desemba hadi Februari majani ni kijani, maporomoko yana maji, na karibu kila alasiri wingu jeusi linakuja. Juni hadi Agosti anga ni safi ajabu, lakini usiku baridi inashuka chini ya sifuri, asubuhi sakitu imetanda kwenye majani, na mara nyingine theluji inaanguka. Kama hujawahi kuona theluji na huna haraka, huo ndio wakati wa kubahatisha. Mimi chaguo langu ni Aprili na Mei: mvua imepungua, baridi bado inavumilika, na mipopla ya kuelekea Clarens imegeuka manjano. Kwa vyovyote kwepa wikiendi ya Pasaka na likizo za shule za Afrika Kusini, maana vyumba vinakwisha mapema.

Karatasi na malipo

Mtanzania haombi viza kwa ziara isiyozidi siku 90. Mkenya naye, tangu Januari 2023, ana siku 90 kwa mwaka bila viza. Wengine waulize ubalozini kabla ya kukata tiketi. Beba kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, hata kama safari iliyopita hawakukuuliza. Malaria huku juu haipo.

Kukodi gari unahitaji leseni iliyoandikwa Kiingereza au yenye kibali cha kimataifa, na kadi ya benki yenye jina la dereva mwenyewe. Kadi ya shemeji haikubaliki, hata shemeji akiwa amesimama pembeni yako.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui na linawagharimu. Hifadhi za taifa za Afrika Kusini, chini ya shirika la SANParks, zina viwango vitatu vya ada ya siku: vya raia, vya nchi za SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), na vya wageni wengine. Tanzania na Kongo ya Kinshasa zimo SADC, kwa hiyo Mtanzania na Mkongomani wanalipa kiwango cha kati, mradi waonyeshe pasipoti. Pasipoti yenyewe, ndugu yangu, siyo picha kwenye simu. Mkenya na Mganda wanalipa kiwango cha juu. Ada zinabadilika kila mwaka, hivyo angalia kwenye tovuti ya SANParks siku unapoweka nafasi ya chumba.

Barabara

Kutoka Johannesburg ni takriban kilomita 320, saa nne hivi kwa mwendo wa amani. Wanaendesha kushoto kama sisi. Shika N3 kuelekea Durban na ulipe tozo njiani. Ukifika Harrismith ingia N5, kisha baada ya kilomita chache ukunje kushoto kuifuata R712, inayopita Phuthaditjhaba na kukuingiza hifadhini kwa upande wa mashariki. Kuna njia nyingine ya Bethlehem na Clarens, inayoingia kwa magharibi. Ina mandhari nzuri zaidi, ila ukitokea Johannesburg kupitia Frankfort na Reitz uwe macho na mashimo.

Jaza mafuta Harrismith au Bethlehem. Nunua chakula huko huko, maana duka la kambini ni la mkate, kuni na soda.

R712 ni barabara ya umma inayokatiza katikati ya hifadhi, kwa hiyo magari ya watu wanaopita zao yanapita bila kulipa. Wewe unayekuja kutembea unatakiwa kulipa ada mapokezi, kwenye kambi ya Glen Reenen. Usiwe mjanja ukajifanya mpita njia huku umeegesha gari na kuvaa buti. Na usifike usiku: pundamilia na nyumbu wanavuka barabara hii bila taarifa.

Pa kulala

Glen Reenen ndiyo kambi kuu, iko bondeni kando ya Little Caledon, na njia nyingi za miguu zinaanzia hapo hapo. Kuna uwanja wa mahema na vibanda vya kujipikia. Ndipo ninapolala mimi. Kwenye hoteli iliyomo hifadhini unapata mlo wa kupikiwa na jabali la Brandwag mbele ya macho. Highlands Mountain Retreat ni vijumba vya magogo vilivyo juu zaidi, karibu mita 2,200, kwa wanaotaka ukimya. Upande wa QwaQwa kuna kijiji cha utamaduni wa Wasotho, chenye nyumba za mviringo zenye kuta zilizochorwa.

Soketi zao nyingi ni za matundu matatu makubwa ya duara, plagi yako haitaingia. Nunua adapta uwanja wa ndege. Na usiache chakula mezani ukaenda kuoga. Nyani wa Glen Reenen wanajua saa ya kila mtu ya kuoga.

Mzigo wa mgongoni

Viatu vyenye soli yenye meno, na ambavyo umeshavivaa nyumbani wiki mbili. Maji lita mbili kwa kila mtu. Koti la mvua hata kama anga ni safi. Sweta na mzula, hata Desemba. Tochi ya kichwani. Kofia na mafuta ya jua, maana kwenye urefu huu jua linaunguza huku upepo ukikudanganya kwamba ni baridi. Soksi ndefu kwa ajili ya kupe. Na khanga moja, ambayo haiko kwenye orodha ya mtu mwingine yeyote: utaikalia, utajifunga shingoni, utajifutia ukitoka kwenye maji, na mtu akitegua mguu utamfungia.

Siku ya kwanza: zoeza mapafu

Ukifika mchana usikimbilie kilele. Mtu aliyelala usawa wa bahari jana, leo yuko juu ya mita 1,900. Akipanda ngazi kumi anahema kama amefukuzwa. Vuka daraja dogo la miguu pale Glen Reenen ufuate njia ya Echo Ravine. Ni chini ya saa moja kwenda na kurudi. Inakuingiza kwenye ufa kati ya kuta mbili za mchanga, ambako sauti inakurudia na ubaridi unatoka kwenye jiwe lenyewe. Mtoto anaweza, bibi anaweza akiwa na fimbo.

Nguvu ikibaki, nenda Mushroom Rocks. Hapo tabaka la juu limebaki kama kofia ya uyoga, na la chini limeliwa na maji kwa njia ile niliyoeleza.

Ukirudi, kando ya kambi kuna bwawa la asili kwenye mwamba, mto umelichimba wenyewe. Maji ni ya baridi sana. Maji haya yanaingia mto Caledon, ambao Wasotho wanauita Mohokare, kisha yanaingia Orange na kusafiri mpaka bahari ya Atlantiki.

Siku ya pili: Brandwag alfajiri, Holkrans baada ya chai

Brandwag maana yake ni mlinzi, na jabali hilo kweli limesimama kama askari wa lindo juu ya bonde. Kulipanda ni kama saa moja. Anza kabla jua halijachomoza, na tochi. Mwinuko ni mkali, mwisho wake mikono nayo inafanya kazi. Juu, kaa mbali na ukingo, funga sweta, subiri. Jua halikujii wewe kwanza. Linaanza kugusa kofia nyeusi za basalti kule mbali, linateremka polepole kwenye ukuta wa mchanga ulio mbele yako, na rangi inabadilika kutoka majivu kuwa waridi, kisha asali. Yote hayo ni dakika kumi na tano hivi. Waliolala wataamka wakute jiwe la manjano la kawaida.

Shuka, kunywa chai, kula vizuri. Halafu Holkrans, kama saa mbili. Jina ni la Kiafrikaans, maana yake jabali lenye uvungu. Njia inapita chini ya dari ndefu za mawe, na hapo unaona wazi mahali maji yanapotokea: mstari wenye unyevu, kuvu ya kijani, na chini yake mchanga laini uliodondoka. Wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu, 1899 hadi 1902, familia zilizokimbia kupelekwa kwenye kambi za wafungwa zilijificha kwenye mapango ya eneo hili. Kabla yao Wasani, wawindaji wa kale wa huku, walikaa humu. Ukikutana na mchoro ukutani, tazama tu. Jasho la kidole chako linaula.

Jioni chukua gari uzunguke Blesbok Loop na Oribi Loop, barabara mbili fupi za mzunguko juu ya nyanda. Wanyama wapo kidogo: nyumbu mweusi mwenye mkia mweupe, pundamilia, pofu, taya, na blesbok ambaye ni nduguye nyamera. Karibu na Oribi Loop kuna kibanda cha kutazamia tumbusi. Mwenye bahati atamwona tumbusi mwenye ndevu, yule anayebeba mfupa juu angani akauangusha kwenye mwamba upasuke ili ale uboho. Kuna pia kwarara mwenye kipara chekundu, anayetaga kwenye kuta za majabali.

Siku ya tatu: Wodehouse, na kanuni ya saa sita

Wodehouse Peak ina mita 2,438, na safari nzima ni takriban saa nne. Hii ndiyo inayokutoa kwenye mchanga na kukupandisha karibu na basalti. Si ngumu kiufundi, ila ni ndefu na haina kivuli.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa Desemba na niliondoka saa nne asubuhi, baada ya kukaanga mayai kwa starehe. Saa saba nilikuwa mgongoni mwa mlima, sina hata kichaka. Wingu lilitokea upande wa Lesotho, nikalitazama nikasema litapita. Kwanza upepo ulikata. Kisha nywele za mkono zikasimama. Mvua ya mawe ikaja, vipande kama kunazi, na radi ikapiga ng'ambo ya korongo kwa mlio kama mbao zinapasuliwa. Niliteremka kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu, na sweta yangu ilikuwa garini.

Kwa hiyo kanuni: kiangazi chao, yaani Desemba hadi Februari, saa sita mchana uwe umeshageuka kurudi, ukiwa umefika kileleni au hujafika. Ukisikia ngurumo, shuka kutoka mgongoni, achana na mti wa pekee na fimbo ya chuma, msikae mmekumbatiana kundi moja. Usikimbilie mdomo wa pango dogo, radi inaweza kurukia hapo. Uchuchumae bondeni miguu pamoja. Wakati wa baridi tatizo ni kinyume, jua linawahi kuzama, na giza la mlimani halina taa ya barabarani ya kukusaidia. Kila ukiondoka mwambie mtu wa mapokezi njia unayokwenda na saa utakayorudi, maana simu inakata kwenye mabonde.

Nyoka wapo, wakiwemo kifutu. Kanyaga unapopaona na usitie mkono kwenye ufa. Na majira ya ukavu, kuanzia Juni, majani haya ni petroli: moto uwashe jikoni pa kambi tu.

Dinosaria na salamu

Katika miaka ya 1970, mtaalamu James Kitching aliokota mahali paitwapo Rooidraai, kwenye tabaka lile jekundu la chini, mayai ya dinosaria aitwaye Massospondylus. Yana umri wa takriban miaka milioni 190, na ndani yake mlikuwa na vijusi. Baadaye viota zaidi vilipatikana hapo hapo. Hifadhi imejenga kituo cha maonyesho kiitwacho Kgodumodumo. Uliza mapokezi saa za kufunguliwa. Jina ni la zimwi la hadithi za Wasotho, lililomeza watu wote na mifugo yao. Aliyekua akisikia habari za nunda mla watu hahitaji kuelezwa zaidi.

Na usipite kimya. Mwanamume msalimie "dumela, ntate", mwanamke "dumela, mme". Shukrani ni "kea leboha". Kisha sikiliza: mtu kwao ni motho, watu ni batho, maji ni metsi, nyama ni nama. Mama mmoja pale kijijini alinifanya nihesabu vidole vyangu kwa Kiswahili huku yeye akihesabu kwa Kisotho. Tulipofika tatu na tharo alicheka mpaka akakaa chini.

Kurudi

Kama una nusu siku, ukifika Harrismith usiingie N3 mara moja. Shika R74 kusini, chini ya nusu saa, uone bwawa la Sterkfontein. Mito inayoliingia ni midogo mno kulijaza. Maji yake mengi yanapandishwa kwa pampu kutoka mto Tugela, upande wa pili wa milima ya Drakensberg, yanahifadhiwa hapo juu, na ukame ukibana yanafunguliwa kuelekea mto Vaal kunywesha Johannesburg. Egesha sehemu ya kutazamia, tandika khanga, malizia mkate uliobaki. Kisha ondoka kabla ya saa nane mchana, ili giza lisikukute bado uko kwenye N3 katikati ya malori ya Durban.